Mama anatimiza sabini: meza sita za Mwitaliano au ukumbi wa hoteli?

Mama alisema mara moja tu, tena akiwa anachambua mchicha: "Mwaka huu msinipikie. Nipelekeni mahali nikapikiwe." Na kwa kuwa aliwahi kula pizza kwenye harusi ya jirani na hajaacha kuitaja mpaka leo, mimi na dada yangu tukaelewa anachotaka bila kumuuliza mara mbili. Arusha chakula cha Kiitaliano hakikosekani; kiliingia na watalii wa mbuga na wapanda mlima, kikabaki na sisi. Swali likawa moja: tumpeleke kwenye nyumba ndogo, yaani kimgahawa cha mzee Mwitaliano na mke wake kule njia ya Moshono, chenye meza sita, au kwenye hoteli kubwa ya mjini ambayo ndani yake kuna mgahawa wa Kiitaliano?

Tukafanya kama wanunuzi wa ng'ombe: tukaenda kukagua kote kuwili kabla ya kutoa hela. Tulikuwa watatu, mimi, dada na shemeji, mume wa dada, ambaye ni Mwislamu. Hilo la shemeji litakuja mbele kidogo, maana ndilo lililotuumiza kichwa kuliko bei.

Majina sitayataja. Kila jiko lina siku yake mbaya, na mimi nimeonja kila mahali mara moja kwa ukaguzi huu, ingawa nyumba ndogo niliwahi kwenda zamani na hoteli ile nimehudhuria semina zaidi ya ninavyopenda kukumbuka.

Karatasi moja na kitabu

Nyumba ndogo menyu yake ni karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono. Pizza aina saba, tambi aina nne, nyama moja, samaki akipatikana, kitamu kimoja. Tambi mbili kati ya nne zilikuwa zimekatwa kwa kalamu. Binti wa nyumba, ambaye ndiye mhudumu, ndiye mpokea simu na ndiye anayekuja na bili, alituambia bila kuona haya: "Hizo leo hazipo. Mayai hayajaja."

Hotelini tulipewa kitabu. Nilihesabu kurasa kumi na mbili. Pizza ishirini na moja, tambi za kila umbo, na katikati yake baga, kuku wa tikka, sambusa na supu ya uyoga. Hakuna kilichokatwa. Chochote ulichonyooshea kidole kilikuwepo.

Nakiri kwamba kuambiwa "hakuna" kunauma. Umevaa, umekodi bajaji, umefika, halafu unaambiwa mayai hayajaja. Lakini binamu yangu alipika hotelini miaka minne (siyo hoteli hii) na alinieleza "vyote vipo" hupatikana vipi. Tambi huchemshwa asubuhi nusu kuiva, hupakwa mafuta, hupimwa kwa mafungu na kuwekwa kwenye friji. Ukiagiza, fungu lako hutumbukizwa kwenye maji ya moto dakika moja, kisha hukutanishwa na mchuzi uliopikwa tangu jana. Hamna wizi hapo wala uchafu. Ukiwa na wageni themanini wa kongamano wanaoketi pamoja saa saba kamili, huna njia nyingine. Ila tambi ya namna hiyo huwa imeshachoka. Waitaliano hutaka tambi iwe al dente, "kwa jino", yaani iwe imeiva lakini jino bado lipate kakazi kidogo. Ya hotelini ilipita kooni bila jino kujua.

Halafu kuna jambo ambalo pakiti ya tambi haikwambii. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji huchemka yakifika nyuzijoto 95 hivi, hayasubiri 100. Yakishachemka hayapandi tena hata uongeze moto vipi. Kwa hiyo tambi iliyoandikwa dakika tisa, hapa inataka kumi na moja au zaidi kidogo. Yule mzee Mwitaliano alituambia kwamba alipofika mara ya kwanza alidhani saa yake ya ukutani imeharibika. Moshi, ambako ni chini zaidi, tatizo ni dogo. Nayasema haya kwa sababu watu wengi hulalamika kwamba kwa Mwitaliano chakula kinachelewa. Kinachelewa kweli. Sisi tulikaa dakika arobaini na tano tangu kuagiza hadi sahani ya kwanza, na hotelini dakika ishirini. Robo saa ya tofauti hiyo ni jiko linaloanzia mwanzo. Iliyobaki ni kwamba jikoni kuna watu wawili tu, na mmoja wao alitoka kwenda kufungulia gari la mkaa geti.

Tanuri

Pizza ni jambo tulilobishana sana, na bado hatujapatana.

Pizza ya Napoli, ile ambayo wapishi wake waliifanya sanaa hadi UNESCO mwaka 2017 ikaiingiza kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usiogusika, huokwa kwenye tanuri la kuni lenye joto linalokaribia nyuzi 485. Huiva kwa sekunde 60 hadi 90. Soma tena: sekunde. Kwa sababu moto ni mkali na muda ni mfupi, ukingo huvimba na kupata madoa meusi, lakini katikati hubaki laini na yenye maji ya nyanya. Tanuri la umeme la kawaida halifiki huko hata kwa dua. Hufika mia tatu hivi, pizza hukaa dakika saba au nane, maji hukauka, na mkate hutoka mkavu wenye kuvunjika.

Nyumba ndogo ina tanuri la kuni, la matofali, lililojengwa uani chini ya mwembe. Hoteli ina la umeme, safi linang'aa kama friji jipya. Mimi bila kufikiria nasema kuni. Dada anasema pizza ya kuni ilikuwa chepechepe katikati, kipande kikamlegea mkononi, nyanya ikamdondokea kwenye blauzi, na kwamba ya hotelini "ina heshima, inakaa mkononi kama chapati kavu". Nikamwambia Napoli watu huikunja, au huila kwa kisu na uma. Akasema yeye ni wa Sakina, hapa hapa Arusha.

Nimfikirie Mama, ambaye meno ya nyuma yameshamuaga: laini inamfaa. Lakini kama wewe ni wa kundi la dada, usimwache mtu yeyote, nikiwemo mimi, akuone mshamba. Kuna Waitaliano wengi tu wanaopenda pizza nyembamba na kavu. Roma wanayo yao ya namna hiyo.

Juu ya mkate, tofauti niliyoionja zaidi ilikuwa nyanya. Nyumba ndogo hununua nyanya za Ngarenanyuki, zinazolimwa upande wa pili wa Mlima Meru, na hupika mchuzi wake kila asubuhi. Kuna siku unakuwa mchachu na kuna siku mtamu. Hiyo ndiyo nyanya ya msimu. Hoteli hutumia ya kopo, na ladha yake haibadiliki Januari hadi Desemba. Wapishi wa Napoli huringia nyanya za San Marzano zinazoota kwenye udongo wa volkano ya Vesuvius. Meru nayo ni volkano, kwa hiyo mzee yule akisema nyanya za hapa hazina cha kuonea wivu, sidhani kama anatania.

Jambo dogo la siku za kukatika umeme: hoteli ina jenereta, na taa hazikupepesa hata mara moja. Nyumba ndogo ina mishumaa, na tanuri lisilojua TANESCO ni nani. Kinachokosekana pale umeme ukikatika ni soda ya baridi.

Shemeji na ubao wa nyama

Sasa hili. Chakula cha Kiitaliano kina nguruwe mahali usipomtarajia. Prosciutto ni paja la nguruwe. Pancetta ni tumbo lake. Guanciale ni shavu. Mortadella ni nguruwe wa kusagwa. Na ragù, mchuzi wa nyama wa Bologna, ambao wengi wetu tunauona kama nyama ya kusaga ya ng'ombe tu, una pancetta ndani yake hata katika mapishi yaliyosajiliwa rasmi pale Bologna mwaka 1982 na chuo cha mapishi cha Italia. Mtego mwingine uko kwenye neno lenyewe: peperoni kwa Kiitaliano ni pilipili hoho. Ukienda kwa Mwitaliano halisi ukaagiza pizza ya peperoni ukitarajia soseji, utaletewa hoho, na ukikwepa kuiagiza ukidhani ni kitimoto, utakuwa umeikimbia mboga.

Hotelini shemeji alimuuliza mhudumu kama chakula ni halali. Kijana akajibu kabla swali halijaisha: "Kila kitu halali, bosi." Vizuri. Shemeji akaagiza samaki. Mimi, kwa kusikia hivyo, nikaagiza carbonara nikidhani kwamba nyama itakayokuwemo ni beikoni ya ng'ombe. Carbonara ilipokuja ilikuwa imezama kwenye krimu, jambo ambalo peke yake lingewatoa Warumi machozi, maana carbonara ya kwao ni mayai, jibini ya pecorino, pilipili manga na guanciale, basi. Huo ulaini ni wa yai lililokutana na maji ya tambi. Lakini krimu haikuwa tatizo. Shemeji alinyoosha uma akauliza, "Hiyo nyekundu ni nini?" Tukamwita yule kijana. "Beikoni, dada." Ya nini? "Ya nguruwe." Akasema kwa utulivu kabisa, kana kwamba hakuna lililowahi kusemwa.

Shemeji aliacha nusu ya samaki. Hakugomba. Aliagiza kahawa, akakaa kimya mpaka tukaondoka.

Zipo hoteli Arusha zenye jiko la halali kweli, na kama meza yako ina Waislamu wengi, hiyo ndiyo faida ambayo nyumba ndogo haiwezi kushindana nayo: jiko la pili, visu vya pili, mafuta ya pili. Ila usimuulize mhudumu. Muombe aje mpishi, umuulize kama nguruwe anaingia jikoni, siyo kama chakula ni halali. Maswali hayo mawili hupata majibu tofauti.

Kwa Mwitaliano shemeji aliuliza hivyo hivyo, akiwa na kisirani cha wiki iliyopita. Mzee alitoka jikoni mwenyewe, akijifuta mikono. Kiswahili chake kina lafudhi ya Kimeru kwa sababu mke wake ni Mmeru na ndiye aliyemfundisha. Akasema: "Ubao wa kukatia nyama ninao mmoja. Tanuri ni moja. Nguruwe anaingia. Siwezi kukuahidi." Akaongeza kwamba anaweza kumpa saladi kwenye bakuli la kioo, mkate ambao mama watoto huoka nyumbani kwao kwa jiko lingine, matunda, na kahawa. Shemeji akala saladi, akanywa kahawa mbili.

Njiani kurudi tulitegemea atasema hoteli. Akasema: "Huyu kaniambia ukweli. Siku ya Mama nitakula nyumbani kwanza, nije kwake kunywa kahawa." Sisi hatukumlazimisha, na wala simshauri mwingine afanye hivyo, ukiwa na wageni wa aina yake watano, usiwapeleke mahali ambapo watatazamana na saladi.

Walio kwenye mfungo wa Kwaresima mambo yao ni mepesi zaidi. Ipo pizza iitwayo marinara, ambayo jina lake huwadanganya watu kwamba ina samaki. Haina samaki, haina hata jibini: nyanya, kitunguu saumu, oregano na mafuta ya zeituni. Nyumba ndogo inayo, na ndiyo ya bei ya chini kuliko zote. Hotelini haikuwemo kwenye zile ishirini na moja.

Hela

Bili ya nyumba ndogo: pizza margherita 19,000, tagliatelle (tambi bapa) za ragù 24,000, saladi 12,000, tiramisu moja tuliyogawana 12,000, bilauri ya mvinyo wa Dodoma 10,000, maji makubwa 3,000, kahawa tatu 15,000. Jumla shilingi 95,000.

Bili ya hoteli: pizza 32,000, carbonara 36,000, samaki 45,000, kitamu 18,000, mvinyo 16,000, maji 6,000, kahawa tatu 18,000, na juu yake asilimia 5 ya huduma. Jumla 179,550. Kwa haki, 33,000 ya tofauti hiyo ni samaki wa shemeji dhidi ya saladi yake. Hata ukimtoa samaki, bado unalipa nusu bei zaidi, na sehemu ya hela hiyo ni bustani, walinzi, maegesho na jenereta, vitu ambavyo huvioni sahanini lakini siku ya mvua utavishukuru.

Hotelini wanapokea kadi. Nyumba ndogo ina lipa namba iliyobandikwa ukutani na hakuna mashine ya kadi. Kama mnachangishana, na sisi tulikuwa tunachangishana kwenye kikundi cha familia, lipa namba ni raha zaidi. Mahali popote ukikuta menyu ina bei za dola tu, uliza ya shilingi. Kanuni zilizoanza kutumika 2025 haziruhusu kutangaza bei kwa fedha za kigeni, na mwenyeji huna sababu ya kupiga hesabu za dola kwa ajili ya tambi.

Jambo moja la kutarajia kwa Mwitaliano yeyote anayefuata desturi: chakula huja kwa zamu. Kwanza vionjo, halafu tambi au wali, halafu nyama au samaki, mboga pembeni, kisha kitamu, kisha kahawa. Tambi ni sahani ya kwanza, siyo kitoweo wala chakula kizima. Sisi tumezoea vyote mezani kwa pamoja na kila mmoja achote, na nimeona watu wamemaliza tambi, wakanawa, wakaomba bili, kumbe nyama ndiyo ilikuwa inatoka jikoni. Hotelini waliuliza tunataka vipi. Kwa Mwitaliano inabidi useme mwenyewe, mapema, na atakubali ingawa atakuangalia kwa huruma.

Magoti, matope, na watoto

Hapa sihitaji maneno mengi, hoteli inashinda. Hakuna ngazi, choo kiko hatua kumi kutoka mezani, kuna kiti cha mtoto, na taksi zinapatikana mlangoni hata saa tano usiku. Nyumba ndogo ina ngazi tatu zisizo na pa kushika, choo kiko nyuma ya tanuri, na mita mia tatu za mwisho ni vumbi. Mama amezaliwa Septemba, kwa hiyo ni vumbi tu. Angezaliwa Aprili, masika yakiwa yamekolea na vifodi, daladala zetu ndogo, vimekwama njia nzima, ningekuwa naandika maneno mengine.

Idadi pia. Meza sita ni watu ishirini na wanne wakibanana, na mzee hapokei kundi linalozidi kumi na wawili kwa sababu tanuri linabeba pizza tatu kwa wakati. Mnaweza kuwa kumi na wawili, lakini wa kumi na mbili ataanza kula wa kwanza akiwa anachokonoa meno. Sendoff, kikao cha mahari, mahafali ya mtoto mwenye mashangazi wanane: nendeni hotelini, msijitese, wala msimtese mzee wa watu.

Na kuna njia ya tatu ambayo kaka yetu mdogo aliipigia kampeni, kuagiza pizza ziletwe na boda. Tuliwahi. Zilikuja zimesimama wima kwenye begi, jibini yote imekimbilia upande mmoja, na sanduku limeloa. Ile ya Napoli ndiyo haivumilii safari kabisa. Hoja ikafungwa.

Kahawa

Sikutarajia kahawa iwe na uzito wowote kwenye uamuzi huu, lakini Mama ni mtoto wa mlimani, kakulia kwenye kihamba cha kahawa upande wa Kibosho, na baba yake alikuwa anapeleka magunia yake chamani enzi KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, ikiitwa KNCU kweli. Kahawa ambayo familia nyingi za kule zililima miaka yote na kuinywa kwa nadra, zikauza na kunywa chai.

Hotelini kahawa ilitoka kwenye mashine ya kubonyeza. Ilikuwa ya moto, na sina zaidi.

Kwa Mwitaliano ilikuja kwenye kile kibirika cha alumini chenye pembe nane, moka, ambacho wao hukiweka jikoni kama sisi tunavyoweka kinu. Mwitaliano aitwaye Bialetti alikitengeneza mwaka 1933, mwaka ule ule KNCU ilipoundwa Moshi. Nililitaja hilo mezani na mzee akaita mke wake aje asikie. Kahawa yenyewe, alisema, ni ya Kilimanjaro, anainunua mbichi na kuikaanga mwenyewe Jumatatu, siku ambayo mgahawa umefungwa. Akatuonya kwa utani kwamba kwao cappuccino ni kitu cha asubuhi. Baada ya chakula maziwa hayaingii. Dada akaomba cappuccino. Akaletewa, na hakuna aliyenuna.

Ni katika kahawa hiyo mzee alipouliza kwa nini tunauliza maswali mengi kama watu wa TRA. Dada akamweleza: Mama, sabini, Septemba, na kwamba tunaogopa kwa sababu Mama kwa kweli ni mtu wa ugali. Pizza aliipenda, sawa, lakini bila ugali halali usingizi.

Mzee akacheka mpaka akakaa. Akasema yeye ni mtu wa kaskazini, milimani, na bibi yake alisonga ugali wa mahindi kila siku ya Mungu kwenye sufuria la shaba. Wao huuita polenta. Watu wa kusini, wenye pizza yao, huwacheka watu wa kaskazini kwa jina la polentoni, wala-ugali. Nikamuuliza, sasa mbona unapika pizza ya Napoli? Akasema pizza inalipa ada za shule. Mchaga anayepika urojo wa Forodhani, nikawaza, lakini sikusema.

Hilo linafaa kuwekwa kwenye mizani pia. Kama unatafuta Napoli kamili, huyu si mtu wa Napoli, na hajifanyi kuwa. Mchuzi wake mzuri kuliko vyote ulikuwa ragù ya tagliatelle, na yeyote anayeniuliza namwambia aagize hiyo na aiache pizza kwa watoto. Hoteli nayo ina mpishi kijana kutoka Singida aliyesomea chuo cha hoteli, na pizza yake, kwa ushahidi wa dada, haimdondokei mtu kwenye blauzi.

Tuko tisa. Hakuna mtoto mchanga. Magoti ya Mama yatapata mabega mawili ya wajukuu kwenye zile ngazi tatu. Dada alikubali akiwa amenuna kidogo, kwa sharti kwamba yeye pizza yake ikae tanurini mpaka ikauke, na mzee alishasema atafanya ingawa moyo utamuuma.

Nilipiga simu jana kuweka nafasi. Alipokea binti, akaandika: watu tisa, Jumapili baada ya misa ya pili, saa saba na nusu, mmoja saladi na mkate wa mama, kahawa nyingi. Kisha nikasikia sauti ya mzee nyuma yake ikiuliza kitu, na binti akarudi kwenye simu.

"Baba anauliza, ugali wa Mama ni wa sembe au dona?"

Dona, nikasema.

"Anasema basi mje na unga wenu. Kusonga atasonga mwenyewe."